Mguu wa Mjomba: Nyama ya Sikukuu na Chakula cha Nyumbani Kwetu Oicha

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi tuliokulia Oicha tuliielewa methali hiyo tukiwa bado wadogo, maana ni siku mgeni alipoingia ndipo kuku alikimbizwa uani, na sisi watoto tukapata mchuzi. Siku zingine zote ilikuwa bugali na sombe, na hakuna aliyelalamika. Katika makala hii tunataka kueleza nyama ya sikukuu ilikuwa kitu gani kwetu, namna ilivyobadilika, na kitu gani tunaweza kupoteza kama hatuangalie.

1. Chungu cha kila siku

Bugali wetu, ule Wanande wanaouita obundu, leo ni wa unga wa mihogo. Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Kule milimani, upande wa Lubero, wazee walisonga ulezi, yaani obulo. Muhogo ni mgeni aliyetoka Amerika, lakini huku chini kwenye joto la msitu ulizaa vizuri, pamoja na ndizi, na ndiyo sababu watu waliposhuka toka milimani chungu nacho kikabadilika. Majani ya muhogo yanatwangwa kinuni, yanachemshwa muda mrefu kwa sababu yakiwa mabichi yana sumu, kisha yanatiwa mafuta ya ngazi. Mwenye karanga anaongeza karanga. Hiyo ndiyo sombe.

Tusidhani kwamba wazee walikula paka vitu vya shamba lao. Chumvi ilitoka mbali, Katwe, ng'ambo ya ziwa Edouard, mahali ambapo leo ni Uganda. Wachuuzi walisafiri kwa miguu na mizigo mbele ya Wabelgiji kufika. Samaki nao walitoka ziwa hilo hilo, na mpaka sasa Kyavinyonge inajulikana kwa samaki zake. Kwa hiyo hata chakula cha siku ya kawaida kilikuwa kinaunganisha mlima, msitu na ziwa.

2. Nyama ilitoka wapi?

Huku kwetu ng'ombe walikuwa wachache. Mbung'o hawapendi ng'ombe waishi karibu na msitu. Mnyama wa nyumba alikuwa mbuzi, na kwa Wanande ni mbuzi ndiye aliyehesabiwa katika mahari. Mtu aliyekuwa na mbuzi hakuwachinja ovyo, kwa maana ndio waliooza vijana wake.

Nyama ya msituni ilitoka kwa Wambuti. Wao walileta mboloko na nyama zingine, wakarudi na ndizi, mihogo, chumvi na vyuma. Nyama ile ilikaushwa kwa moshi juu ya mafiga, ikadumu siku nyingi. Baadaye sheria ziliingia. Mbuga ya Virunga iliundwa mwaka 1925 ikiitwa Albert, na mahali watu walipokuwa wanawinda pakafungwa.

Tusisahau pia hospitali. Tangu miaka ya 1930 daktari Carl Becker, mmisionari Mwamerika, alitibu watu hapa Oicha mpaka vita vya Wasimba vilipomfukuza mwaka 1964. Wagonjwa walitoka mbali sana. Kwa desturi ya hospitali zetu, ni jamaa wa mgonjwa wanaompikia, basi kabila nyingi zilionjeana vyungu pale nje. Oicha ilijifunza kula na wageni mapema.

3. Namna mbuzi alivyogawanywa

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Noeli, Bonane, ndoa, ubatizo, mwisho wa matanga: hizo ndizo zilikuwa siku za mbuzi. Alichinjwa asubuhi, akababuliwa manyoya kwenye moto, ngozi ikakwanguliwa kwa kisu mpaka ikawa nyeupe. Kisha muzee mmoja aliitwa, na watu wote walinyamaza kidogo, kwa sababu kugawa ilikuwa kazi yenye heshima.

Kwa ukoo wetu ilikuwa hivi. Kichwa kilikwenda kwa wazee, wakakinywa supu pamoja na kasiksi. Shingo ilikuwa ya mchinjaji. Matumbo yalikuwa ya wamama walioyaosha mtoni. Mbavu ziliwekwa pembeni kwa ajili ya wakwe. Mguu mmoja wa nyuma ulikuwa wa mjomba, hata kama alikaa mbali na hakuja. Ulitundikwa juu ya moto, ukangojea siku ya mtu kusafiri. Koo zingine zinagawa namna ingine, lakini hatujasikia hata moja iliyogawa bila utaratibu.

Ndugu msomaji, angalia vizuri. Zamani hatukuwa na daftari la ukoo. Mtoto aliyetumwa kupeleka mguu kwa mjomba alijifunza njia, alijifunza jina, na alijua kwamba mama yake ana kwao. Mbuzi mmoja alikuwa somo zima la jamaa.

Hatusemi kwamba yote yalikuwa mazuri. Nyumbani kwetu firigisi ya kuku ilikuwa ya baba tu, na vipande vinono vilipita mbele ya mama mwenye mimba bila kusimama. Sisi tunaofundisha darasani tunajua mwili wa nani ulihitaji nyama ile zaidi. Desturi ya namna hiyo, tukiiacha, hatupotezi kitu.

4. Miaka ya kukimbia

Tangu Oktoba 2014 mauaji yalienea katika teritware ya Beni. Watu waliuawa mashambani na majumbani. Kwenda kuvuna muhogo ikawa kama kwenda vitani. Oicha ilipokea wakimbizi toka vijiji vya jirani, na kuna siku ambapo wenyeji wa Oicha nao walibeba magodoro kichwani. Mtu anayekimbia usiku hawezi kuvuta mbuzi, analia, anakutoa. Wengi waliacha mazizi wazi.

Kisha ikaja Ebola, iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika tarehe 25 Juni 2020. Ilichukua roho za watu zaidi ya 2.200. Tulikatazwa kugusa nyama ya mnyama aliyekutwa amekufa msituni, tuliacha kupeana mikono, na matanga yalifanyika bila sahani ya pamoja. Katazo hilo lilikuwa na haki. Lakini vijana waliobalehe miaka hiyo waliona sikukuu chache sana.

5. Kilo haina mjomba

Siku hizi nyama ya ndoa inanunuliwa sokoni kwa kilo, inakuja ndani ya sashe nyeusi, imekwisha kukatwa. Hata mahari mara nyingi wanasema "mbuzi" lakini wanahesabu dola. Hatuwalaumu. Mkimbizi anayekaa katika nyumba ya kupanga atafuga mbuzi wapi?

Katika ndoa moja ya jamaa yetu, mjomba wa bibi harusi aliletewa sahani ya wali na vipande vitatu. Akaangalia, akauliza polepole: "Na mguu yangu iko wapi?" Mama mwenye kupika akajibu: "Muzee, tulinunua kilo. Kilo haina mujomba." Watu walicheka. Yeye hakucheka. Alikula wali, vipande akaviacha, na alirudi kwake bila kutoa neno la baraka lililokuwa lake kutoa. Mpaka leo bibi harusi yule anaona aibu kupita kwa mjomba wake.

Baada ya hapo tuliwapa wanafunzi wetu kazi ya nyumbani: andika nyama ya sikukuu inagawanywa namna gani kwenu. Wengi walirudi na karatasi karibu nyeupe. Mmoja, mtoto wa wakimbizi, aliandika msitari mmoja: "Kwetu mama anagawa na kijiko." Tulimpa alama zake zote, maana alisema kweli.

Kwa kumaliza, hatuombi watu waache kilo warudie mbuzi wasiye naye. Tunaomba jambo dogo. Bibi mmoja wa karitie yetu, Bonane, alipika kilo mbili kwa watu kumi na wanne. Kabla ya kupakua alitoa kipande kimoja, akakiweka kwenye kisahani na kuwaambia wajukuu: "Hii ni ya mjomba wenu wa Mbau. Hatuwezi kumufikia, lakini mujue ni yake." Kisha akampa mdogo kuliko wote akile kwa niaba ya mjomba, na mtoto akatamka jina lake.

Basi wasomaji, kabla wazee waliobaki hawajaondoka, kaeni nao na kalamu. Andikeni kwa kila ukoo: shingo ni ya nani, mbavu ni za nani, mguu ni wa nani. Na pale mtakapokuta kwamba mama hakupewa kitu, hapo ongezeni wenyewe.