Ng'ombe, Malisho na Maradhi: Kupanda na Kushuka kwa Mifugo ya Ugogo na Kondoa

Idadi ya ng'ombe katika uwanda wa kati wa Tanzania imepanda na kushuka mara nyingi tangu mwisho wa karne ya 19. Kundi lolote la viumbe, likipata chakula na usalama, huongezeka kwa kasi, kwa kuwa kadiri wazazi wanavyozidi ndivyo watoto wanavyozidi. Ongezeko hilo hukoma linapokutana na kizuizi kilicho karibu zaidi: maji, malisho, maradhi au wanyama wala nyama. Kizuizi hicho kikiondoka, kundi hukua tena mpaka lifikie kinachofuata.

Dodoma, katika nchi ya Wagogo iitwayo Ugogo, hupata mvua ya wastani isiyofika milimita 600 kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Baada ya hapo mito hukauka, na Wagogo huchimba visima katika mchanga wake ili kunywesha mifugo. Zamani, basi, ukubwa wa kundi ulitegemea maji ya kiangazi kuliko nyasi za masika. Mwenye ng'ombe wengi hakuwaweka pahali pamoja. Kwa desturi ya kukoza aliwakabidhi baadhi yao kwa jamaa na marafiki wa mbali, nao waliowatunza wakafaidi maziwa. Ukame au maradhi yakipiga upande mmoja, upande mwingine ulibaki na mbegu ya kuanzia upya.

Kinga hiyo ilishindwa na sotoka. Ugonjwa huo uliingia Eritrea mwaka 1887 pamoja na ng'ombe kutoka India, ukashuka kusini na kuifikia Tanganyika mwanzoni mwa miaka ya 1890. Wafugaji wengi wa Afrika Mashariki walipoteza zaidi ya ng'ombe tisa katika kila kumi. Nyati na nyumbu nao walikufa kwa wingi. Malisho yaliyokosa wa kuyala yaligeuka vichaka. Wanyamapori waliporudi, mbung'o walipata damu ya kunywa na kivuli cha kuzalia, wakaeneza nagana, ugonjwa wa mifugo. Hivyo maeneo yaliyokuwa ya wafugaji yakafungwa na mdudu hata baada ya sotoka kutulia.

Vita Kuu ya Kwanza ilileta pigo jingine. Majeshi ya Wajerumani, kisha ya Waingereza, yalichukua ng'ombe, nafaka na wapagazi wa Ugogo. Mvua zilipokosekana, maghala yalikuwa tayari matupu. Njaa ya Mtunya, ya kati ya 1917 na 1920, inakadiriwa kuua watu wapatao 30,000 katika eneo lenye watu 150,000 hivi. Wagogo walikuwa wameishi na ukame kwa vizazi; safari hii walinyang'anywa akiba na mifugo ambayo ndiyo iliyowavusha.

Katika miongo iliyofuata, huduma za mifugo, zikiwemo za kituo cha Mpwapwa kilichoanzishwa na Wajerumani mwaka 1905, zilipunguza vifo. Chanjo na majosho vilidhibiti maradhi, malambo yakaongeza maji. Mifugo ikaongezeka, na sasa kizuizi kikawa nyasi. Serengeti ilishuhudia jambo kama hilo: sotoka ilipodhibitiwa kwa kuchanja ng'ombe waliozunguka hifadhi, nyumbu waliongezeka kutoka takriban 250,000 mwanzoni mwa miaka ya 1960 hadi zaidi ya milioni moja mwishoni mwa miaka ya 1970, kisha chakula cha kiangazi kikawazuia kuongezeka zaidi.

Tofauti ni kwamba nyumbu huhama kufuata mvua. Katika vilima vya Kondoa, kaskazini mwa Ugogo, Warangi na mifugo yao walibanana juu kwa sababu mbung'o walitawala tambarare. Kwato na majembe viliiacha ardhi uchi, mvua ikachimba makorongo. Serikali ya kikoloni ilijaribu matuta na kupunguza mifugo, bila mafanikio ya kudumu. Mwaka 1973 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, na mwaka 1979 mifugo yote iliondolewa katika eneo lililomomonyoka la kilomita za mraba 1,256.

Nyasi, vichaka na miti vilirudi katika miaka michache, uthibitisho kwamba mbegu na mizizi vilikuwa bado hai chini ya udongo. Lakini gharama ilikuwa nzito: familia zilikosa maziwa, samadi na maksai, na mifugo iliyohamishiwa tambarare ilipeleka mzigo kwenye malisho ya huko. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 wakazi waliruhusiwa kufuga ng'ombe wachache wa maziwa bandani, wakiwakatia majani. Chini ya utaratibu huo, ukubwa wa kundi hupimwa kwa majani ambayo kaya inaweza kuotesha na kubeba, na mfugaji huujua ukomo huo kabla ardhi haijaharibika.