Wapangaji Waliojimilikisha Mitaa Yao: Historia Fupi ya Walterton and Elgin Community Homes

Walterton and Elgin Community Homes, ambalo katika makala haya litaitwa Shirika, ni shirika la nyumba za kupanga lililopo kaskazini-magharibi mwa Paddington, jijini London, nalo linatofautiana na mengi ya aina yake nchini Uingereza kwa kuwa lilianzishwa na wapangaji wenyewe, likapiganiwa na wapangaji wenyewe, na hadi leo huongozwa na bodi ambayo wakazi ndio wengi ndani yake. Mwezi Aprili 1992 nyumba 921 zilitoka mikononi mwa Halmashauri ya Jiji la Westminster na kuwa mali ya Shirika, pasipo wapangaji kutoa bei yoyote ya ununuzi, na juu ya hayo halmashauri ikatakiwa kuwalipa pauni milioni 17.5. Malipo hayo, ambayo kwa mtazamo wa kwanza yanaweza kuonekana kama kiroja, yalikuwa na sababu madhubuti ya kisheria na ya kihesabu, na kuyaelewa ni kuielewa sehemu kubwa ya historia ya Shirika.

Kwanza ni lazima kueleza ni nyumba za aina gani zinazozungumziwa. Nyumba za halmashauri ni zile ambazo serikali ya mitaa huzijenga au kuzinunua, kisha ikazipangisha kwa kodi nafuu kwa watu wasiomudu bei za soko la kawaida. Msomaji aliyezizoea nyumba za kota atambue kwamba hizi hazikufungamana na ajira: mpangaji hakuhamishwa kwa kuacha kazi au kustaafu, na familia nyingi ziliishi katika nyumba moja kwa miongo kadhaa. Ujenzi wake ulishika kasi baada ya sheria ya mwaka 1919, iliyozipa halmashauri ruzuku ya serikali kuu, na kufikia mwisho wa miaka ya 1970 karibu theluthi moja ya kaya za Uingereza zilikuwa zikipanga kwa halmashauri. Sheria ya mwaka 1980, iliyowapa wapangaji haki ya kununua nyumba zao kwa bei ya punguzo, ndiyo iliyofungua mlango wa kupungua kwa nyumba hizo, kwa maana zilizouzwa hazikujengewa mbadala wa kutosha.

Mitaa ya Walterton na Elgin ilikuwa na majengo ya namna mbili yasiyofanana hata kidogo. Upande mmoja zilikuwepo nyumba za karne ya 19, zilizojengwa kwa safu huku zikishirikiana kuta, ambazo mwanzoni zilikusudiwa familia zenye uwezo, lakini baadaye zikagawanywa vyumba vyumba na kupangishwa kwa watu wengi mno hadi zikachakaa. Halmashauri Kuu ya London, iliyokuwa ikisimamia jiji zima kabla ya kuvunjwa mwaka 1986, ndiyo iliyozichukua kwa nia ya kuzinusuru. Upande wa pili yalisimama maghorofa mawili marefu, Hermes Point na Chantry Point, yaliyojengwa mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa kutumia vipande vilivyotengenezwa kiwandani, na ndani yake kutiwa asbestosi, yaani madini ya nyuzinyuzi yaliyothaminiwa zamani kwa kuzuia moto, ambayo vumbi lake likivutwa huweza kuleta saratani na maradhi mengine ya mapafu miaka mingi baadaye. Mali yote hiyo hatimaye iliangukia mikononi mwa Westminster, mojawapo ya halmashauri zenye ardhi ghali kuliko zote duniani.

Ughali huo wa ardhi ndio uliozaa hatari. Mwaka 1985 ilibainika kwamba halmashauri ilikusudia kuiuza mitaa hiyo kwa makampuni binafsi ya ujenzi, jambo ambalo lingewafanya wakazi wengi wahamishwe na nyumba nyingi zipite kwa wanunuzi wenye fedha. Wapangaji waliunda kikundi chao cha utetezi, Walterton and Elgin Action Group, na hapo ndipo inapoanza historia ya Shirika, ingawa jina lenyewe lilikuwa halijazaliwa.

Kazi ya kikundi hicho katika miaka yake ya mwanzo ilikuwa, zaidi ya kitu kingine chochote, kazi ya kupasha habari. Mpangaji wa nyumba ya umma huwa dhaifu kwa sababu maamuzi yanayomhusu hufanywa katika vikao asivyovijua, kwa lugha ya kitaalamu asiyoizoea, na taarifa humfikia ikiwa tayari imekuwa amri. Kikundi kilijitahidi kuivunja hali hiyo kwa kuzisoma nyaraka za kamati za halmashauri, kuzifafanua kwa maneno ya kawaida katika karatasi za habari na mikutano ya wakazi, na kuhakikisha kwamba kila mpango unajulikana mitaani kabla ya kupitishwa. Wapangaji walijaa katika vikao vya madiwani, wakayaendea hata makampuni yaliyotarajiwa kununua na kuyaeleza waziwazi kwamba yangekuta mitaa isiyokubali kuondoka. Ustadi wa mbinu hii unastahili kutajwa, kwani mwekezaji huogopa ucheleweshaji kuliko anavyoogopa lawama, na mauzo yaliyotarajiwa kuwa ya haraka yaligeuka kuwa suala la miaka.

Wakati huohuo siasa za Westminster zilichukua mkondo ambao baadaye ungefika hadi mahakama ya juu kabisa ya nchi. Halmashauri iliongozwa tangu mwaka 1983 na Shirley Porter wa chama cha Conservative, binti wa Jack Cohen aliyeanzisha maduka ya Tesco. Katika uchaguzi wa Mei 1986 chama chake kilinusurika kwa wingi wa viti 4 tu, na kuanzia mwaka 1987 ikatekelezwa sera ambayo katika kata 8 zenye ushindani mkali nyumba za halmashauri zilizobaki wazi hazikupewa tena wahitaji, bali zilitengwa kwa ajili ya kuuzwa, kwa matarajio kwamba wanunuzi wangekipigia kura chama tawala. Milango ya chuma ilifungwa kwenye nyumba tupu ili asiingie mtu, huku familia zisizo na makazi zikisubiri katika hosteli na hoteli za bei rahisi. Walterton na Elgin hazikuwa miongoni mwa kata hizo, kwa kuwa zilikuwa ngome ya chama cha Labour, na kwa sababu hiyohiyo zilitendewa vibaya kwa namna nyingine: mwaka 1989 familia zisizo na makazi ziliondolewa katika kata za ushindani na kuingizwa Hermes Point na Chantry Point, ilhali hali ya asbestosi ndani ya maghorofa hayo ilikuwa ikijulikana. Hakuna sehemu ya historia hii inayouma kuliko hiyo, kwa kuwa walioingizwa humo, wakiwemo watoto, hawakuwa na pengine pa kwenda, na hesabu za kura zilipewa uzito kuliko mapafu yao.

Njia ya kutokea ilipatikana mahali ambapo hakuna aliyeitarajia. Serikali ya Margaret Thatcher ilipitisha Sheria ya Nyumba ya mwaka 1988, ambayo ndani yake yalikuwemo masharti yaliyopewa jina la Chaguo la Wapangaji, yakimruhusu mwenye nyumba mpya, akishaidhinishwa na chombo cha serikali kilichosimamia mashirika ya nyumba, kuomba kuzichukua nyumba za halmashauri hata kama halmashauri haitaki kuzitoa. Lengo lilikuwa kuwaingiza wenye nyumba wa sekta binafsi. Ili kuwarahisishia kazi, sheria iliweka kanuni ya kura isiyo ya kawaida, na inafaa kuitazama kwa mfano. Tuseme mtaa una wapangaji 100. Ikiwa 25 watasema ndiyo, 30 watasema hapana, na 45 hawatapiga kura kabisa, basi katika uchaguzi wa kawaida waliosema hapana wameshinda. Chini ya sheria ya 1988 walikuwa wameshindwa, kwa sababu uhamisho ulizuiliwa tu endapo waliopiga kura hawakufika nusu ya wenye haki ya kupiga, au endapo zaidi ya nusu ya wenye haki hiyo, si ya waliojitokeza, waliukataa. Aliyekaa kimya alihesabiwa kuwa ameridhia. Vyama vya wapangaji kote nchini viliichukulia sheria hiyo kuwa mtego, na havikukosea.

Wapangaji wa Walterton na Elgin waliisoma sheria ileile wakaona kwamba haikutamka popote kuwa mwenye nyumba mpya ni lazima awe tajiri au mgeni. Basi wakaunda kampuni yao isiyogawana faida, Walterton and Elgin Community Homes, wakaomba idhini ya kuwa mwenye nyumba, wakaipata, kisha wakaitumia dhidi ya halmashauri silaha iliyotengenezwa na wanasiasa wa chama kilichoiongoza halmashauri hiyohiyo. Katika historia ya makazi ya umma nchini Uingereza ni vigumu kupata mfano mwingine wa wananchi wa kipato cha chini walioisoma sheria kwa makini zaidi ya walioitunga. Jonathan Rosenberg, mmoja wa viongozi wa kampeni hiyo ambaye baadaye aliandika historia yake katika kitabu, aliendelea kwa miaka mingi kuwasaidia wapangaji wa mitaa mingine kwa maarifa aliyoyapata hapo.

Kura ilipigwa mwaka 1991. Shirika halikutegemea kanuni ya ukimya, bali liliutafuta ushindi wa wazi na likaupata kwa wingi mkubwa wa wapangaji waliojitokeza. Kilichofuata kilikuwa suala la bei. Sheria ilitaka nyumba zithaminiwe kwa kuangalia kodi ya pango ambayo mwenye nyumba mpya angeweza kuikusanya kutoka kwa wapangaji waliomo, na kutoa gharama ya matengenezo ambayo hayakuepukika. Nyumba za Walterton na Elgin zilikuwa zimeachwa bila ukarabati wa maana kwa muda mrefu sana, na maghorofa mawili yalikuwa na asbestosi, hata gharama ya matengenezo ikaizidi thamani ya nyumba zenyewe. Thamani ikawa chini ya sifuri, na katika hali kama hiyo sheria ilimtaka muuzaji ndiye amlipe mpokeaji. Zile pauni milioni 17.5 zilikuwa, kwa maana halisi, deni la matengenezo yaliyoahirishwa kwa miaka.

Uhamisho ulipokamilika Aprili 1992, Shirika lilianza kipindi ambacho hakina vishindo vya kisiasa na ambacho kwa sababu hiyo husimuliwa kwa ufupi, ingawa ndicho kilichobadilisha maisha ya watu. Nyumba za karne ya 19 zilikarabatiwa, nazo Hermes Point na Chantry Point zikabomolewa na mahali pake pakajengwa nyumba za kimo cha kawaida. Wakazi walishirikishwa katika kuamua jinsi nyumba zitakavyokuwa, na ofisi ya mwenye nyumba ikawa ndani ya mtaa, hatua chache kutoka kwa wanaohudumiwa, mahali ambapo mpangaji mwenye bomba linalovuja au mwenye malimbikizo ya kodi huonana na mtu anayemjua. Mjumbe wa bodi anayepitisha uamuzi wa kuahirisha ukarabati wa paa hukutana na majirani wanaoishi chini ya paa hilo, na uwajibikaji wa namna hiyo hauwezi kuletwa na mkaguzi kutoka wizarani.

Kwa upande wa halmashauri, mambo yaliishia mahakamani. Mkaguzi wa hesabu John Magill alitoa mwaka 1996 ripoti yake ya mwisho juu ya sera ya kuuza nyumba katika kata za ushindani, akieleza kwamba lilikuwa kosa la makusudi na kwamba wahusika walipe hasara iliyopatikana. Mahakama ya Rufani iliutengua uamuzi huo mwaka 1999, lakini mwezi Desemba 2001 Baraza la Malodi, lililokuwa ngazi ya mwisho ya rufaa, liliurejesha dhidi ya Shirley Porter na naibu wake. Mwaka 2004 Porter alilipa pauni milioni 12.3 kwa makubaliano ya kumaliza shauri. Suala la familia zilizoingizwa kwenye maghorofa yenye asbestosi lilichunguzwa katika ripoti tofauti, nayo iliilaumu halmashauri vikali.

Masharti ya Chaguo la Wapangaji yalifutwa na Sheria ya Nyumba ya mwaka 1996, yakiwa yametumiwa mara chache sana, na kwa miaka mingi mlango walioupitia watu wa Walterton na Elgin ulikuwa umefungwa. Kanuni mpya za mwaka 2013 ziliwapa wapangaji wa halmashauri nchini England haki ya kudai nyumba zao zihamishiwe kwa shirika walilolichagua, na wakazi wa mitaa ya West Kensington na Gibbs Green, yenye nyumba 760 zilizokuwa zimeuzwa kwa kampuni ya ujenzi pamoja na ardhi ya Earl's Court, walianzisha shirika lao kwa kufuata mfano huo, Rosenberg akiwa mratibu wao. Mwaka 2019, kabla madai yao hayajafikia mwisho, kampuni hiyo ilikubali kuirejesha mitaa kwa Halmashauri ya Hammersmith na Fulham, na wapangaji wakabaki ndani ya nyumba zao.