Julian Bond na Kiapo Kilichochelewa Mwaka Mzima

Januari 10, 1966, wabunge wapya wa jimbo la Georgia, Marekani, walisimama ukumbini mjini Atlanta kula kiapo. Mmoja wao aliambiwa akae pembeni kwanza, wenzake waape. Kabla siku haijaisha Baraza la Wawakilishi likapiga kura juu yake: 184 wakataka asiapishwe, 12 tu wakamtetea. Aliyekataliwa ni Julian Bond. Zilibaki siku 4 atimize miaka 26.

Ukoo wake ulitoka utumwani, na si zamani sana. Babu yake mzaa baba, James Bond, alizaliwa mtumwa huko Kentucky mwaka 1863. Julian alikuwa akisimulia jinsi babu huyo, baada ya uhuru, alivyomfunga kamba ng'ombe dume akamswaga kwa miguu hadi Chuo cha Berea. Ng'ombe ndiye aliyekuwa ada. Kwa yeyote ambaye wazazi wake waliuza mnyama zizini ili asome, simulizi hii haihitaji kufafanuliwa. Mtoto wa babu huyo, Horace Mann Bond, mwaka 1945 akawa rais wa kwanza Mweusi wa Chuo Kikuu cha Lincoln, Pennsylvania, kilekile alichosoma Kwame Nkrumah.

Kwa hiyo Julian alikulia katika nyumba ya vitabu na wageni mashuhuri, na angeweza kutulia humo. Kilichomtoa ni gazeti. Februari 1960, akiwa mwanafunzi wa Morehouse, Atlanta, alikuwa ameketi kwenye mgahawa wa duka la dawa karibu na chuo. Mwenzake, Lonnie King, akamwonyesha habari za vijana Weusi wa Greensboro walioketi kwenye kaunta ya Wazungu wakagoma kuondoka. King alitaka jambo hilo lifanyike na Atlanta, tena walianze wao. Machi 15 likafanyika, na Bond akakamatwa.

Mwaka huohuo alishiriki kuanzisha SNCC, kamati ya wanafunzi ya kupigania haki bila kutumia nguvu. Akaacha masomo, akashika idara ya habari. Kazi yake ilikuwa ya simu na taipureta: nani kapigwa Mississippi, nani kawekwa ndani Alabama, kanisa lipi limechomwa. Aliandika, kisha akawapigia wahariri hadi wasikie. Naamini hapa ndipo siasa yake ilipoiva, kwa kuwasikiliza watu ambao hakuna ofisi iliyowasikiliza.

Afrika Mashariki nayo ilipita hapo. Desemba 1963, siku chache baada ya uhuru wa Kenya, vijana wa SNCC walikwenda kumsalimu mmoja wa viongozi wa nchi hiyo, Oginga Odinga, hotelini mwake Atlanta. Walipotoka waliingia mgahawa wa jirani, wakanyimwa huduma. Walipokataa kuondoka, wakakamatwa.

Njia ya bungeni ilifunguliwa na mahakama. Georgia ina wilaya 159, na kwa muda mrefu zile 8 kubwa kabisa zilipewa wabunge 3 kila moja, huku 121 ndogo zikipata mmoja mmoja. Kijiji kilikuwa na sauti kuliko jiji, na Weusi wengi walikuwa jijini. Mahakama ya Juu ya Marekani ilipoamuru mwaka 1964 kwamba viti vigawanywe kwa idadi ya watu, Georgia ililazimika kuchora maeneo mapya na kuitisha uchaguzi mwaka 1965. Bond akagombea eneo namba 136, Atlanta. Alizunguka nyumba kwa nyumba, akiwauliza wenyeji wao wanataka mbunge awafanyie nini. Alishinda kwa zaidi ya asilimia 80. Tangu 1907 hakuna Mweusi aliyekuwa ameketi katika baraza hilo. Sasa walichaguliwa 8.

Januari 3, 1966, huko Tuskegee, Alabama, kijana Mweusi aitwaye Sammy Younge, aliyewahi kutumikia jeshi la majini, alipigwa risasi akafa kwenye kituo cha petroli, baada ya mzozo wa choo cha Wazungu. Siku 3 baadaye SNCC ilitoa tamko la kupinga vita vya Vietnam, ikiunganisha damu ya Younge na damu iliyomwagika vitani. Mwandishi wa redio akampigia Bond: unaliunga mkono? Bond hakuwa ameliandika. Ilikuwa rahisi kujitenga nalo. Akajibu kwamba ndiyo.

Wabunge 7 wenzake Weusi waliapishwa. Yeye akaitwa msaliti. Wanaoijua Georgia walikumbuka Septemba 1868, bunge hilohilo lilipowafukuza wajumbe Weusi waliochaguliwa baada ya utumwa kukomeshwa. Safari hii Martin Luther King aliongoza maandamano hadi makao ya bunge. Bond akaenda mahakamani. Mahakama ya kwanza ikawapa wabunge ushindi, majaji 2 kwa 1. Februari ukafanyika uchaguzi mdogo na wapiga kura wa 136 wakamrudisha Bond. Akanyimwa kiti tena. Mwishoni mwa mwaka wakamchagua mara ya tatu.

Wengi humkumbuka Bond kwa ujasiri wake, na ni haki. Lakini mimi nawatazama zaidi watu wa 136. Waliambiwa mara mbili kwamba chaguo lao halifai, na kikao kizima cha 1966 kikapitisha sheria na kodi zilizowahusu huku kiti chao kikiwa kitupu. Hawakutafuta mtu mpole zaidi.

Desemba 5, 1966, Mahakama ya Juu iliamua kwa kauli moja ya majaji 9, hukumu ikiandikwa na Jaji Mkuu Earl Warren, kwamba mbunge ana uhuru wa kuikosoa sera ya taifa, na kumnyima kiti kwa sababu hiyo ni kuvunja Katiba. Januari 9, 1967, ikikosa siku moja kutimia mwaka, Bond akala kiapo. Alikaa katika bunge la Georgia miaka 20.