Celeron na kile kilichokatwa ndani yake

Aprili 1998, kampuni ya Intel ilitoa prosesa ya bei nafuu ikaiita Celeron, jina lililotokana na neno la Kilatini lenye maana ya "-epesi, -a kasi". Kompyuta za chini ya dola 1,000 zilikuwa zimeanza kushika soko la Marekani, na ndani yake zilijaa prosesa za AMD na Cyrix. Pentium II ya Intel ilikuwa ghali mno kwa soko hilo. Basi Intel ikachukua moyo uleule wa Pentium II, ikaondoa kache yote ya ngazi ya pili.

Kache ni kumbukumbu ndogo inayokaa ubavuni mwa prosesa. Mtazame mama ntilie: chumvi, mafuta na vitunguu vikiwa pembeni mwa jiko, sahani inatoka mara moja. Vikiwa dukani, kila sufuria itasubiri mtu aende na kurudi, hata moto uwe mkali namna gani. Celeron ya kwanza ilikuwa na moto wa kutosha, megahezi 266, lakini kila kitu ilikifuata dukani. Watu waliinunua, wakaona uzito wake.

Agosti mwaka uleule Intel ikajisahihisha. Celeron 300A ilirudishiwa kilobaiti 128 za kache. Ni robo tu ya zile 512 za Pentium II, lakini zilichongwa ndani ya kipande kilekile cha silikoni zikaenda mwendo mmoja na prosesa, ilhali za Pentium II zilikaa nje zikienda nusu mwendo. Mafundi wa majumbani wakagundua kwamba ukipandisha mwendo wa njia ya data kutoka megahezi 66 hadi 100, nyingi ya prosesa hizo za 300 zilikimbia 450 bila kugoma. Kwangu mimi, hakuna prosesa ya mtu wa kipato kidogo iliyompa haki yake kama ile.

Kwenye laptopu hadithi ikachukua njia nyingine. Mwaka 2008 Intel ilileta Atom, ukoo mpya uliobuniwa kula umeme kidogo. Kuanzia 2013 prosesa za ukoo huo zikavishwa majina ya Celeron na Pentium, hilo la pili likiwa jina la heshima tangu 1993. Mnunuzi alilijua jina, ukoo hakuambiwa. Alama pekee ilikuwa herufi N mbele ya namba.

Binti wa dada yangu, anayesomea ualimu, aliniletea laptopu yake yenye stika ya Celeron iliyochakaa kando ya kibodi. Ndani mlikuwa na N3060 ya mwaka 2016: viini viwili, kache ya megabaiti 2. Waraka ulifunguka vizuri. Alipofungua video ya somo pembeni yake, kishale kikaganda.

"Mjomba, ni virusi?"

"Si virusi, mama. Ni prosesa."

Septemba 2022 Intel ilitangaza kuyastaafisha majina yote mawili kwenye laptopu kuanzia 2023. N100 iliyofuata ni ya ukoo uleule, ila ina viini vinne na kache ya megabaiti 6 kwa wati 6 tu. Kwa kuandika, kusoma na kutazama masomo, pamoja na gigabaiti 8 za kumbukumbu, inatosha kabisa. Kwenye mtumba, ningetafuta Core i5 ya kizazi cha 8, kama 8250U yenye viini vinne. Kwa Core i5 za laptopu, hapo ndipo Windows 11 inapoanzia kukubali, na Windows 10 iliacha kuhudumiwa Oktoba 2025.

Jumamosi tukaenda Kariakoo. Kijana wa dukani akafungua laptopu nyeusi, safi, akaigeuza upande wetu. "Dada, hii Core i5 hii."

"Core i5 namba ngapi?"

Akabonyeza, akasoma: 6300U. Kizazi cha 6, viini viwili.

Binti akaifunika taratibu, akamrudishia. "Naomba unionyeshe inayoanza na 8, kaka."