Si mjusi wa Tendaguru tu: Kwa nini mafuvu ya Watanzania yako Berlin?

Habari za mjusi wa Tendaguru, dinosaria aliyechimbwa Lindi na sasa yuko makumbusho ya Berlin, wengi tumezisikia. Lakini jiji hilohilo linahifadhi pia mafuvu ya watu wetu.

Mwaka 2023, Taasisi ya Urithi wa Utamaduni wa Prussia ilimaliza kuchunguza mafuvu zaidi ya 1,100 kutoka Afrika Mashariki. Mengi ni ya Rwanda, na takriban 200 ni ya Tanzania.

Yalifikaje huko?

Felix von Luschan, daktari aliyefanya kazi makumbusho ya Berlin, aliwaomba maofisa, madaktari na wasafiri waliokuwa kwenye makoloni wamtumie mafuvu. Mengi yalifukuliwa makaburini. Mengine yalikuwa ya watu walionyongwa.

Yalikuwa ya nini?

Enzi hizo wanasayansi wengi wa Ulaya waliamini kwamba ukipima fuvu utajua mbari ya mtu, hata akili yake. Luschan mwenyewe alikataa kwamba kuna mbari duni, lakini aliendelea kukusanya maelfu ya mafuvu. Nadharia hiyo haina msingi: watu wawili wowote duniani wanafanana kwa takriban asilimia 99.9 ya DNA.

Nani wamepatikana?

Fuvu la Mtwa Mkwawa wa Wahehe, aliyefariki 1898, lilirudishwa mwaka 1954.

Mangi Meli wa Old Moshi alinyongwa Machi 2, 1900, pamoja na wenzake. Inaaminika kichwa chake kilipelekwa Ujerumani, na mjukuu wake alikitafuta kwa miaka mingi. Septemba 2023, vipimo vya DNA viliunganisha baadhi ya mafuvu ya Berlin na familia zilizo hai Kilimanjaro. Moja ni la Akida, mshauri wa Meli. La Meli mwenyewe halikuwamo.

Nini kinafuata?

Novemba 2023, Rais wa Ujerumani Frank-Walter Steinmeier aliomba radhi mjini Songea, na kuahidi kusaidia kulitafuta fuvu la Nduna Songea Mbano, aliyenyongwa mwaka 1906 wakati wa Vita vya Majimaji.

Kwa familia hizi, radhi pekee haitoshi: wanataka ndugu yao arudi azikwe.

La Mkwawa unaweza kuliona leo. Liko makumbusho ya Kalenga, nje kidogo ya mji wa Iringa.