Fuko wa Ukoka na Fuko wa Viazi

Ukipanda nyasi mbele ya nyumba Limuru, Lushoto, Njombe au Kabale, iko siku utaamka ukute vifusi vya udongo mbichi vimejipanga juu ya ukoka wako. Jirani atakwambia umeingiliwa na fuko. Ukifungua kitabu cha bustani kilichoandikwa Ulaya au Marekani utaelekezwa uue minyoo na mabuu wa mbawakawa walioko chini ya nyasi, maana ndicho chakula kinachomleta mgeni huyo. Utanunua dawa, utaimwaga, na vifusi vitazidi. Ushauri huo haukuwa wa uongo kule ulikoandikwa. Ulimhusu mnyama mwingine.

Uingereza, Ujerumani, Japani na nyanda za juu za Afrika Mashariki zote zimehangaika na mnyama anayechimba chini ya miguu ya watu, na kila jamii imemtungia sheria, michezo, hadithi na ufundi wa kumtega. Nikiyasoma mapokeo hayo sambamba, naona tofauti kubwa haitokani na ukali wala upole wa watu. Inatokana na kile walichokiweka juu ya udongo, na kile ambacho mnyama wao anakitafuta chini yake.

Tuanze na mnyama. Fuko wa Ulaya, ambaye wanasayansi humwita Talpa europaea, ana uzito wa takriban gramu 70 hadi 130, manyoya meusi mororo, na viganja vipana vilivyogeukia nje. Hali mizizi. Anakula minyoo, na kwa siku moja huweza kumaliza wanaokaribia nusu ya uzito wake. Wanaobaki huwang'ata kichwani ili wasitoroke, kisha huwaweka akiba wakiwa hai. Akikata mzizi wa nyasi, ni kwa sababu ulikuwa njiani mwake tu.

Fuko anayejulikana zaidi katika nyanda zetu za juu, Tachyoryctes, ni wa jamii ya panya. Meno yake ya mbele ni makubwa, ya rangi ya chungwa, na yamejitokeza nje ya midomo, kwa hiyo huchimba nayo bila udongo kumwingia kinywani. Huyu ndiye mla viazi, mihogo na karoti, tena huushika mmea kwa mizizi na kuuvuta mzima mzima hadi shimoni. Akiingia kwenye nyasi zako, nyasi zenyewe ndizo mlo. Katika bara letu yupo pia fuko-dhahabu, mdogo, mwenye macho yaliyofunikwa na ngozi, ambaye hula wadudu na minyoo kama yule wa Ulaya. Hana udugu na yeyote kati ya hao wawili: wanaochunguza nasaba za wanyama wamemweka katika ukoo mmoja na tembo na pimbi. Maisha ya gizani yamewapa viumbe hawa watatu umbo linalokaribiana, nasi tumewapa jina moja.

Nchini Uingereza kisa chenyewe kilianza na chakula. Mwaka 1566, enzi za Malkia Elizabeth wa Kwanza, Bunge lilipitisha sheria ya kulinda nafaka, na fuko alikuwemo katika orodha ya viumbe ambao parokia zililipa fedha kwa kila mmoja aliyeuawa. Mtega fuko akawa mtu wa kazi rasmi, mwenye malipo katika hesabu za kanisa. Ili mwenye shamba asibishe idadi, aliitundika mizoga kwenye uzio ihesabiwe, na desturi hiyo bado inaonekana katika baadhi ya mashamba ya huko.

Kisha nyasi zikabadilisha maana ya fuko. Kwa muda mrefu uwanja wa nyasi ulikuwa wa wenye kondoo wa kuzilisha au vibarua wa kuzifyeka kwa fyekeo. Mwaka 1830 fundi wa Gloucestershire, Edwin Budding, alipata hataza ya mashine ya kukatia nyasi, na polepole hata mtu wa kipato cha kati akaweza kumiliki zulia la kijani mbele ya mlango wake. Fuko aliyekuwa adui wa nafaka akawa adui wa mandhari. Kifusi kina mawe yanayoharibu visu vya mashine, na handaki lisilo na kina hubonyea mtu akikanyaga. Hayo ni madhara ya kweli, lakini hakuna aliyelala njaa kwa ajili yake. Hata hivyo vita viliendelea kwa ukali uleule. Waliwalisha fuko minyoo iliyopakwa strikinini, sumu inayoua kwa mateso makali, hadi matumizi hayo yalipokomeshwa mwaka 2006. Mimi naona hilo ni jambo zito. Chuki iliyozaliwa na hofu ya njaa ilirithiwa na watu wasio na hofu hiyo, wakaiendeleza kwa ajili ya kupendeza kwa uwanja.

Fuko wa Uingereza ana nafasi hata katika siasa. Inasimuliwa kwamba farasi wa Mfalme William wa Tatu alijikwaa kwenye kifusi cha fuko, mfalme akaanguka na kuvunjika mtulinga, na tarehe 8 Machi 1702 akafariki. Wapinzani wake, waliotaka ukoo wa Stuart urudi kwenye kiti, wakawa wakinyanyua bilauri kumtakia afya njema yule bwana mdogo aliyevaa mahameli nyeusi. Walioonewa na mfalme walimwona mchimbaji asiyeonekana kuwa mwenzao.

Waandishi nao walimgeuza. Katika The Wind in the Willows ya Kenneth Grahame, iliyotoka 1908, Fuko ni mhusika mpole anayechoshwa na kupaka chokaa nyumbani kwake siku ya masika, akatupa brashi na kupanda juu kuuona mto. Baadaye, usiku wa baridi, harufu ya nyumba yake ya chini ya ardhi inamfikia njiani naye analia kwa kuikumbuka. Ni kama Grahame aliwaomba wasomaji wenye viwanja vya nyasi wakione kifusi kama paa la nyumba ya mtu. Huko Chekoslovakia, Zdeněk Miler alianza mwaka 1957 filamu zake za katuni za fuko anayeitwa Krtek. Katika ile ya kwanza anatafuta suruali yenye mifuko, na wanyama wenzake pamoja na mmea wa kitani wanamsaidia kuipata. Watoto wa nchi nyingi wamelelewa naye.

Franz Kafka alikwenda mbali zaidi kuliko hao wawili. Katika hadithi yake ya mwalimu wa kijijini, iliyochapishwa 1931 baada ya kifo chake, watu wanabishana kuhusu fuko mkubwa ajabu anayesemekana kuonekana, na ubishi wa nani alimtetea mwalimu na nani aliiba sifa yake unameza kurasa zote. Fuko mwenyewe haonekani hata mara moja. Naiona hadithi hiyo kuwa picha sahihi kuliko zote za jinsi watu wanavyomshughulikia mnyama huyu: tunagombana juu ya kifusi, na aliyekichimba hatumjui.

Japani inatupa mapokeo ya aina nyingine kabisa. Katika kisiwa cha Kyushu, tarehe 14 Januari, siku za Mwaka Mpya Mdogo, watoto hupita nyumba kwa nyumba na fito za mianzi zilizofungwa majani makavu ya mpunga na kuipiga ardhi kwa pamoja, wakiwafukuza fuko na kuombea mavuno. Wenye nyumba huwapa vitumbua vya mchele vya mochi. Upande wa Miyagi, kaskazini, watoto waliburuta jongoo wa baharini kuzunguka nyumba na kumtangazia fuko kwamba mgeni huyo anapita, basi aondoke. Fuko wa Japani hali mpunga. Hata hivyo handaki lake hutoboa kingo za majaruba, maji yakavuja, na jaruba lisilo na maji ni njaa. Kwa hiyo hofu yao ilikuwa ya haki kama ya wakulima wa 1566, lakini waliikabidhi kwa watoto na kuifanya sikukuu. Mwaka 1975 kampuni moja ya huko ilitengeneza mashine ya mchezo ambamo fuko wa bandia huchomoza kwenye matundu nawe ukawapiga kwa nyundo, na mchezo huo ukasambaa dunia nzima. Kati ya fito za Kyushu na nyundo hiyo, mimi nazithamini fito, kwa sababu mtoto aliyezishika alijua kuna shamba linalotegemea kelele zake.

Wajerumani wamefuata njia ya sheria. Huko fuko ni mnyama anayelindwa; kumuua au kumtega bila kibali ni kosa lenye faini kubwa, na mwaka 2020 alitangazwa mnyama wa mwaka. Panya wa mashimoni, anayekula mizizi ya miti ya matunda na mboga, hana ulinzi huo. Mwenye bustani analazimika kuwatofautisha kabla hajagusa mtego, na wamejenga jaribio rahisi: unafukua sehemu ya handaki na kuiacha wazi. Panya haivumilii hewa, huja kuziba mapema, mara nyingi ndani ya saa chache. Fuko huchelewa, au hupita chini ya sehemu iliyofunuliwa. Sheria imewafanya raia wa kawaida wawe wachunguzi wa wanyama, na hilo ndilo ningependa sisi tuige kutoka kwao kabla ya faini.

Sasa turudi nyumbani, ambako ufundi hauhitaji cheti. Mtegaji wa nyanda zetu za juu anajua jambo lilelile Wajerumani wanalotumia: fuko wetu hawezi kuvumilia shimo lililo wazi. Anafukua handaki, anaingiza kitanzi cha waya au kamba, anakifunga kwenye ufito uliopindwa na kushikiliwa na uzi unaokatiza njia. Fuko anakuja kuziba upepo, anakata au kuusukuma uzi, ufito unafyatuka, naye ananyongwa papo hapo. Hapana sumu inayobaki ardhini, hapana bundi wala paka anayekufa kwa kula mzoga. Vijana wengi hulipwa kwa idadi, wakimwonyesha mwenye shamba walichonasa, kama alivyofanya Mwingereza kwenye uzio wake. Bahari na karne ziliwatenganisha, lakini swali la mwajiri lilikuwa moja: wangapi?

Mimea nayo inafanana kwa namna ya kushangaza. Ulaya hupanda mmea wenye utomvu mkali, Euphorbia lathyris, wakiamini fuko atauchukia. Ushahidi wake ni mdogo. Wakulima wa Uganda, Rwanda, Kenya na Tanzania hupanda utupa, mmea ambao majani yake yana sumu ya rotenoni na ambao wavuvi waliutumia kulevya samaki. Nauona utupa una mantiki zaidi, kwa sababu mnyama wa hapa anatafuna mizizi, ilhali yule wa Ulaya hana haja ya kuonja mmea wowote. Usiupande karibu na kijito wala bwawa la samaki.

Na nyasi zenyewe zina historia yao. Nyasi za kikuyu, zinazopendwa katika viwanja vya nyumbani kuanzia Afrika Kusini hadi Australia na California, asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki. Tulizotandika Limuru na Arusha kwa kuiga bustani ya Kiingereza ni malisho ya kwetu. Fuko alikuwa akizila kabla ya wazo la uwanja wa nyasi kufika huku. Juu katika milima ya Bale, Ethiopia, ndugu yake mkubwa hugeuza udongo kiasi cha kuumba sura ya nyanda zile, na ndiye chakula kikuu cha mbwa mwitu wa Ethiopia, mmoja wa wanyama walio hatarini zaidi kutoweka barani. Ukimfuta fuko wa Bale, mbwa mwitu wa pale naye amepoteza mlo wake mkuu.

Hukumu yangu basi haiwezi kuwa moja kwa wote. Mkulima wa viazi Njombe, ambaye gunia lake ndilo ada ya mtoto, ana haki kamili ya kutega, na mtu yeyote anayemsomea sheria ya Ujerumani hajui anachosema. Mwenye uwanja wa nyasi hana haki ya uzito huo. Anayo haki ya kuzuia uharibifu, lakini hana haki ya kumwaga sumu ardhini kwa ajili ya rangi ya kijani, achilia mbali sumu iliyokusudiwa mnyama wa bara jingine.

Kwa hiyo, kabla hujanunua chochote, piga magoti na utazame. Kama nyasi zimenyauka na ukizivuta zinatoka bila mizizi, umepata fuko wa meno. Mwite kijana mtegaji wa mtaani kwako, na umlipe vizuri kwa kila anayemnasa. Kama unaona mifereji myembamba iliyoinua ardhi na nyasi juu yake bado mbichi, huyo ni fuko-dhahabu, anakula wadudu wanaokula bustani yako. Kanyaga udongo urudi mahali pake, umwagilie, na umwache aendelee na kazi.