Neno "check" na Mfalme wa Uajemi

Neno la Kiingereza "check" lina kazi nyingi. Ni kukagua, ni kuzuia, ni alama ya vema pembeni mwa jibu sahihi, ni miraba ya kitambaa. Kwa Wamarekani ni hundi ya benki, na pia ni karatasi ya hesabu anayoletewa mteja akimaliza kula hotelini. Anayejifunza Kiingereza anaweza kudhani haya ni maneno matano au sita yaliyofanana kwa bahati. Sivyo. Yote yametokana na neno moja la Kiajemi, shah, yaani mfalme, lililofika Ulaya kwa njia ya mchezo wa sataranji.

Mchezo huo ulianza India yapata karne ya 6, ukiitwa chaturanga, jina la Kisanskriti linalotaja vikosi vinne vya jeshi: askari wa miguu, wapanda farasi, tembo na magari ya vita. Ukaingia Uajemi, na Waarabu walipoiteka nchi hiyo katika karne ya 7 waliupokea pamoja na istilahi zake, wakausambaza hadi Hispania. Mchezaji aliyemtishia mfalme wa mwenzake alimtahadharisha kwa kusema "shah". Mfalme alipokosa pa kukimbilia, ikatangazwa "shah mat". Wengi hufasiri kwamba mfalme amekufa, kwa kuwa mata ni "alikufa" kwa Kiarabu, mzizi uleule uliokipa Kiswahili mauti na maiti. Wapo wataalamu wanaoona kwamba maana ya Kiajemi ni mfalme aliyeishiwa hila. Fasiri hii inauafiki mchezo zaidi, maana katika sataranji mfalme hauawi kamwe. Hubanwa tu mpaka akwame.

Kilatini cha enzi za kati kiliandika scaccus, na Kifaransa cha kale eschec. Waingereza waliyapokea maumbo yote mawili ya Kifaransa: umoja ukawa "check", wingi ukawa "chess", jina la mchezo wenyewe. Toka hapo maana zilianza kuzaana. Mfalme aliyetishiwa hana hiari: sharti aache mipango mingine yote na kujiokoa kwanza. Ndiyo maana kufikia mwisho wa karne ya 14 "check" ilikwisha kuwa pigo linalomsimamisha mtu ghafla, halafu kizuizi chochote. Katika siasa, maana hiyo ndiyo iliyo nyuma ya hoja ya James Madison mwaka 1788 alipokuwa akiitetea katiba mpya ya Marekani, kwamba kila mhimili wa dola uwe na uwezo wa kuuzuia mwingine usijitwalie mamlaka yote. Kukagua ni tawi la baadaye, la karne ya 17. Anayekagua hesabu anamzuia mwizi, na polepole kitendo cha kuzuia kikawa kitendo cha kuangalia.

Tawi lenye historia nzito kuliko yote lilipitia kwenye ubao wa mchezo. Kifaransa kiliuita ubao wa sataranji eschequier, na kutokana na jina hilo Waingereza wakapata "exchequer", hazina ya mfalme. Asili ya jina inajulikana vizuri, kwa sababu Richard FitzNeal, mweka hazina wa Mfalme Henry wa Pili, aliieleza mwenyewe katika kitabu alichokiandika kwa Kilatini katika miaka ya 1170. Hazina ilikuwa meza: urefu wake kama futi 10, upana kama futi 5, ukingo wake kimo cha vidole vinne ili kitu kilichowekwa juu kisidondoke. Ilitandikwa kitambaa cheusi chenye mistari. Masherifu, maofisa waliomkusanyia mfalme mapato katika majimbo, waliitwa mara mbili kwa mwaka, wakati wa Pasaka na sikukuu ya Malaika Mikaeli, kuja kutoa hesabu mbele ya meza hiyo.

Kila safu ya kitambaa ilikuwa na thamani yake: peni, shilingi, pauni, pauni ishirini-ishirini, mamia, maelfu. Karani alipanga vihesabio kwenye safu kuonyesha kiasi kinachodaiwa, na chini yake kiasi kilicholipwa, kisha akaondoa. Mpango huu ulikuwa na sababu. Tarakimu za Kirumi hazifai kwa kujumlisha wala kutoa, na masherifu wengi hawakujua kusoma. Mezani kila mtu aliona kwa macho yake pesa zinakwenda wapi. FitzNeal anasema jina la sataranji linastahili kwa namna mbili: meza inafanana na ubao, na juu yake mweka hazina na sherifu wanapigana vita mbele ya watazamaji.

Stakabadhi zao zilikuwa vijiti. Kijiti kilikatwa pengo la upana wa kiganja kwa pauni 1,000, upana wa kidole gumba kwa pauni 100, wa kidole cha mwisho kwa pauni 20, na wa punje ya shayiri kwa pauni moja. Kisha kilipasuliwa kwa urefu, kila upande ukabaki na kipande chake. Siku ya hesabu vipande viliunganishwa, na aliyeongeza pengo kwa siri akaumbuka. Utaratibu huu ulidumu hadi 1826. Tarehe 16 Oktoba 1834 vijiti vya zamani vilichomwa katika matanuri chini ya Baraza la Malodi, moto ukashinda nguvu na kuliteketeza jengo la Bunge la Uingereza.

Hundi ya benki ilipata jina lake kwa wazo lilelile la vipande viwili vinavyolingana. Mwanzoni mwa karne ya 18 "check" lilikuwa jina la kishina, kipande kilichobaki kitabuni ili kuzuia hati isighushiwe. Baadaye jina likahamia kwenye hati yenyewe. Tahajia ya "cheque" ni ya Waingereza, iliyovutwa na sura ya "exchequer". Mwishoni mwa miaka ya 1820 mwandishi wa mambo ya benki James William Gilbart aliichagua kwa hoja kwamba inaondoa utata. Wamarekani hawakushawishika.

Yako madai yanayorudiwa sana kwamba "cheque" limetokana na sakk, neno la Kiarabu la hati ya malipo. Hati hizo zilikuwepo kweli. Katika karne ya 10 msafiri Ibn Hawqal aliandika kwamba aliona huko Awdaghost, kusini mwa Sahara, hati ya deni la dinari 42,000. Waislamu walitumia hati za malipo karne nyingi kabla ya benki za London, na sifa hiyo ni haki yao. Lakini kufanana kwa sauti hakutoshi kuthibitisha nasaba ya neno, na maandishi ya Kiingereza yanaonyesha wazi njia iliyopitia kwenye kishina.

Afrika Mashariki imelipokea neno shah kwa njia mbili. Kiajemi kilileta shaha, cheo anachopewa mshairi aliyewazidi wenzake, shaha wa malenga. Kiingereza kikaleta cheki, linaloishi sambamba na hundi, neno lililoletwa na wafanyabiashara wa Kihindi. Huko Kenya, Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inaiita akaunti ya fedha za taifa iliyoko Benki Kuu "National Exchequer Account", na fedha hazitoki humo bila idhini ya Mdhibiti wa Bajeti. Mtaani cheki limejiongezea maana zake lenyewe: kutazama, kupima afya kwa kufanya chekapu, na kumtafuta mtu kwa simu, kama anavyoahidi anayeaga, "Nitakucheki baadaye."